Kupiga Gitaa la Mtu Mwingine

Katika bendi ya dansi kuna gitaa ambalo watu hawalisikii mpaka linyamaze. Solo wanalijua, kwa sababu mpigaji wake husogea mbele na kufumba macho. Besi wanaisikia tumboni. Gitaa la kati, ninalopiga mimi, linakaa katikati ya hayo mawili na kurudia kitu kilekile muda wote wa wimbo, na kazi yake ni kuwafanya wengine waonekane wanajua wanakokwenda. Nimelipiga kwa miaka mingi katika bendi ambazo si zangu. Wanamuziki wa Dar humwita mtu kama mimi deiwaka, jina lilelile wanalompa kondakta anayeshika gari la mwenzake kwa siku moja. Mtu ameumwa, mtu amesafiri, mtu amegombana na uongozi, basi simu yako inaita. Unakwenda na vidole vyako. Shati la sare unalikuta hukohuko, la mwenyewe, na unajifunza kutoinua mikono juu sana kama linakubana.

Bendi ninayotaka kuieleza ni kubwa, na nyimbo zake redio bado zinazipiga. Kiongozi wake, ambaye ndiye mpiga solo, alinipigia simu akasema mpiga gitaa lao la kati amepata kiharusi, mkono wa kushoto umelegea, niwashikie kwa wiki chache. Nilikaa nao zaidi ya mwaka.

Mazoezi yalikuwa Kariakoo, mtaa wa nyuma ya Msimbazi, ghorofa ya kwanza ya nyumba ya baba mmoja wa Kihindi aliyekuwa akiuza vitambaa chini. Alituvumilia kwa sharti moja, kwamba yeye na wateja wake wasikilizane wanapopatana bei. Kwa hiyo tulipiga asubuhi, kwa sauti ya kunong'ona, huku mlangoni mikokoteni ikigongana na wapagazi wakidai njia. Ukiwahi kusikia bendi nzima ya dansi ikipiga kwa kunong'ona, utaona jinsi kila mtu anavyomtazama mwenzake. Mimi hawakuwa na sababu ya kunitazama. Walikuwa wamepigana na kupatana kwa miaka mingi kabla sijaja, na utani wao ulianzia mahali ambapo mimi sikuwepo.

Gitaa la mgonjwa lilikuwa pale, limesimamishwa ukutani. Kiongozi aliniambia nitumie hilo, kwa sababu mlio wake ndio mlio wa bendi. Nyuma ya shingo rangi ilikuwa imekwisha pale alipozoea kuegemeza kidole gumba, na mbao imelainika. Nilipolishika, kidole changu kilikwenda chenyewe mahali hapo.

Siku hiyo ya kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani ni la bendi hiyo tu. Tulikuwa tunapitia wimbo wao mkubwa kuliko yote. Katikati ya sebene, pale muziki unapochangamka na waimbaji wanamwachia rapa, yule anayeita na kuchombeza wachezaji, niliona mahali panapwaya, nikajaza. Nilipiga vitu vizuri, naweza kusema hivyo bila aibu. Kiongozi akainua mkono, wote wakasimama.

"Hapo usipige kitu," akasema.

Nikauliza kwa muda gani. Rapa akacheka, akaniambia, "Mapigo mawili. Hapo ni pa jina, ndugu yangu."

Walinieleza. Katika sebene rapa hutaja majina ya wapigaji, mmoja mmoja, na majina hayo hupita juu ya muziki, mengine yanasikika, mengine yanamezwa na besi. Lakini mpiga gitaa la kati, alipotunga kipande chake miaka ile, alijikatia kimya. Gitaa lake linakoma, na kwa kuwa ndilo lililokuwa limeshikilia kila kitu, wimbo wote unakuwa kama umeachiwa hewani. Hapo rapa analiita jina lake, likiwa peke yake, na ukumbi mzima unalirudia. Kisha gitaa linarudi na watu wanapandwa na wazimu. Nilikuwa nimeucheza wimbo huo tangu ujana wangu kule Songea, na jina hilo nimelipigia kelele mara nyingi kuliko majina ya ndugu zangu. Sikujua kwamba kile kimya kilikuwa kazi ya mkono wa mtu.

Basi nikajifunza kunyamaza. Kila Jumapili alasiri, katika bonanza letu kwenye ukumbi mmoja hapohapo Kariakoo, mahali pale pakifika nilisimamisha mkono, rapa akaita jina la mtu aliyelala mgonjwa kwake Buguruni, watu wakalirudia, nami nikarudi kazini. Wachache walinitazama kwa mshangao, kwa sababu sura haikulingana na jina. Wengi hawakutazama kabisa.

Nilimwuliza kiongozi, kwa upole, itakuwaje mbele ya safari. Akanijibu wazi, na nilimheshimu kwa hilo. Akasema mwenzao akishindwa kurudi, kiti ni changu na jina litakuwa langu. Lakini utaratibu wao ni kwamba jina la mtu halibadilishwi mpaka mwenyewe aseme. Mwenyewe alikuwa anasema atarudi.

Nilikitaka kiti hicho. Nilikuwa nimevuka miaka arobaini bado navaa mashati ya watu, na nilitaka kusikia jina langu likiitwa mahali pale angalau mara moja, na ukumbi ulirudie.

Kuna upweke wa safarini ambao deiwaka wenzangu wanaujua. Tulikwenda Morogoro, tukaenda Dodoma, tukapanda hadi Mbeya. Kwenye mabango picha ilikuwa yake, na shati nililovaa jukwaani lilikuwa lilelile la pichani. Kwenye nyumba za wageni, wenzangu walilala wawili wawili kama walivyozoea, na mimi, kwa kuwa nilikuwa namba ya mwisho, nilipewa chumba peke yangu. Waliniambia nina bahati. Wakienda kuhojiwa redioni nilibaki kwenye gari na vyombo, nikiwasikiliza humohumo kwenye redio ya gari wakieleza jinsi bendi ilivyo familia moja. Hawakusema uongo. Nilijikuta nasikiliza kwa makini kama mtu asiyewajua, nikingoja kusikia watakavyojibu watakapoulizwa nani anapiga gitaa la kati siku hizi. Hawakuulizwa.

Kiongozi ndiye aliyenituma Buguruni. Kulikuwa na nyimbo mbili za zamani ambazo hakuna aliyekumbuka vizuri gitaa la kati linaingiaje, na rekodi zake zilikuwa mbovu. Nikampata mgonjwa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya gereji, yeye na dada yake mjane aliyekuja kutoka Lindi kumwuguza. Alikuwa ameketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, akiminya kipande cha mpira wa tairi ambacho mafundi wa jirani walimkatia ili azoeshe mkono.

"Shikamoo kaka," nikamwambia, nikajitambulisha kwamba ndimi ninayemshikia.

Akanitazama kuanzia viatu hadi kichwa. "Marahaba. Kumbe mimi siku hizi ni mwembamba hivi."

Dada yake akacheka ndani. Mimi pia nilicheka, na baada ya hapo haikuwa vigumu. Alinifundisha kwa mdomo. Aliimba kipande cha gitaa kwa sauti ya puani, nami nikakipiga kwenye gitaa lisilo na umeme nililokwenda nalo, naye akanirekebisha kwa kugonga goti langu kwa mkono wake mzima. Hakuwa mwalimu mpole. Aliniambia mkono wangu wa kulia una haraka kama unafukuzwa na mgambo. Nilipomaliza nyimbo zote mbili akauliza kama jina bado wanaliita.

Nikamwambia wanaliita.

"Watu wanajibu?"

"Wanajibu, kaka."

Akaminya mpira wake. Halafu akaniuliza pale penye kimya nasimamisha vipi, na nilipomwonyesha kwamba naziba nyuzi kwa kiganja cha kulia, akatikisa kichwa.

"Kiganja kinaacha mlio. Legeza kushoto. Vidole vibaki vinagusa nyuzi tu, basi, zinakufa palepale."

Nikajaribu. Mlio ulikatika safi. Akanifanya nirudie mpaka dada yake akaleta chai, naye kila mara alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akisikiliza ile nafasi ambayo ndani yake jina lake lingeitwa.

Nikawa nakwenda mara kwa mara, hata bila kutumwa. Nilikuwa sina watu wengi mjini wa kuwatembelea, na yeye alikuwa mtu pekee aliyeweza kuniambia nimepiga vibaya au vizuri. Tuliongea habari za nyuzi, za waimbaji wanaochelewa, za bei ya nazi. Kama atarudi au hatarudi sikumwuliza hata mara moja, naye hakuniuliza kama namwombea arudi. Nilitazama mkono wake kila nilipofika. Mwezi hadi mwezi ulikuwa umefunguka kidogo, na nilipoona hivyo nilifurahi, kisha nikirudi kwa miguu kuelekea chumbani kwangu, mtaa wa Gerezani, furaha hiyo ilikuwa imeshakuwa kitu kingine.

Ilipokaribia siku ya bendi kusherehekea kuanzishwa kwake, mgonjwa alitangaza kwamba atapiga. Alimwambia kiongozi kwamba akimaliza wimbo ule mmoja mbele ya watu, basi amerudi kazini, na mimi nishukuriwe niende zangu. Alilisema mbele yangu, bila ubaya, kama mtu anayepanga mambo yake.

Alikuja mazoezini siku tatu kabla. Alipanda ngazi taratibu, baba mwenye duka akatoka kumsalimia na kuwaambia wapagazi wakae kando. Tukampa gitaa lake. Mkono wa kulia ulikuwa uleule, wa kuogopesha kwa utulivu wake. Wa kushoto ulifika kwenye nyuzi ukachelewa, ukazibana nusu, na ukishazibana haukutaka kuziachia. Kilichotoka kilikuwa mkwaruzo. Yeye alisema mkono umepoa, Jumapili utakuwa umepata moto. Kiongozi akaagiza chai.

Baadaye kiongozi aliniita pembeni pamoja na fundi mitambo. Alikuwa ameshaamua. Mwenzetu ataketi mbele na gitaa lake, waya wake utachomekwa kama kawaida, ila fundi ataizima sauti yake kwenye mashine. Mimi nitakaa nyuma ya spika kubwa na gitaa langu, nitapiga kipande chake, na sauti yangu ndiyo itakayotoka ukumbini na kwenye spika ndogo ya miguuni pake. Asiambiwe. Kiongozi alisema watu wanatoka mbali kuja kumwona na hawezi kumwacha aaibike mbele yao. Macho yake yalikuwa mekundu. Walikuwa wameanza kupiga muziki pamoja wakiwa vijana.

Nilielewa nilichokuwa ninaombwa. Nikipiga vizuri, atamaliza wimbo, ataamini amepona, na kiti atakichukua. Nikipiga vibaya, atajua. Mimi mwenyewe ndiye niliyepaswa kuhakikisha kwamba siku ile nakipoteza kiti, na nikipoteze kwa ustadi. Nilikubali. Kama angeniuliza mtu kwa nini, ningesema deiwaka hakatai kazi, lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimefundishwa kipande kile na mwenyewe, na sikuona namna ya kukiharibu kwa makusudi.

Jumapili hiyo ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwenye vibaraza vya maduka yaliyofungwa. Niliketi kwenye kreti la soda nyuma ya spika ya kushoto. Pale nilipokuwa watu hawakuniona, ila mimi nilimwona yeye kwa nyuma kidogo, bega lake, na mkono wake wa kushoto kwenye shingo ya gitaa.

Walipomwingiza watu walipiga kelele muda mrefu. Kisha wimbo ukaanza, nikapiga. Alipiga naye. Nilimwona akisikiliza spika ya miguuni pake, halafu akautazama mkono wake wa kushoto, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyepigiwa hodi na mgeni aliyemsubiri sana. Akaketi wima. Akaanza kutikisa kichwa kama nilivyoona kwenye picha za zamani. Nilipiga vizuri siku ile. Nadhani sijawahi kupiga vizuri zaidi.

Sebene ikaja. Rapa akamwita wa besi, akamwita wa ngoma, akamwita kiongozi. Mahali pale pakafika. Nikalegeza mkono wa kushoto, vidole vikabaki vinagusa nyuzi tu, na mlio ukakatika safi kama alivyonifundisha.

Vidole vyake yeye vilikuwa bado vimeng'ang'ania nyuzi. Niliviona. Havikuwa vimeachia na visingeweza kuachia kwa wakati. Kama lingekuwa gitaa lake lililosikika, pale pangelia mkwaruzo. Rapa akaliita jina, ukumbi ukalirudia kwa sauti ambayo sijaisikia tena, wanawake wengine wakilia, na yeye katikati ya yote hayo alikuwa anatazama mkono wake. Kisha akageuza shingo, taratibu, akatazama spika niliyokuwa nyuma yake.

Aliendelea kupiga mpaka mwisho wa wimbo. Aliinama kwa watu, akatabasamu, akaomba maikrofoni. Akawashukuru. Akawaambia amekuja kuaga, mwili umechoka, anarudi kwao Lindi na dada yake. Watu wakasema hapana. Akawangoja wanyamaze, akamgeukia rapa, na akasema kwenye maikrofoni ileile kwamba jina lake wamelibeba vya kutosha na kuanzia Jumapili ijayo amtaje anayepiga. Kiongozi alikuwa ameinamia gitaa lake akifunga na kufungua skrubu ambayo haikuwa na tatizo.

Kabla hajaondoka, mgonjwa alizunguka nyuma, akishika spika kwa mkono mzima, akanikuta bado nimekaa kwenye kreti. Nikasimama.

"Ulilegeza kushoto," akasema.

"Ndiyo, kaka."

"Vizuri." Akapumua. "Ungeacha mlio kidogo tu, ningeamini ni wangu, ningerudi kazini."

Hakusema kwa hasira. Alinishika bega, kama mtu anayetafuta mahali pa kuegemea, kisha dada yake akaja wakaondoka. Sikupata nafasi ya kuwaaga walipokwenda kupanda basi. Nilipigiwa simu na kiongozi kwamba wameshafika salama, na kwamba gitaa amesema libaki.

Wiki hiyo rapa alinijia mazoezini akiwa na aibu kidogo. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akiniita deiwaka, na sasa ilibidi aulize naitwa nani hasa. Nikamwambia. Akalijaribu kwenye mapigo mawili, halikuingia, ni jina refu la kikwetu. Tukalikata mbele, halikupendeza. Tukalikata nyuma, likaingia. Wenzangu walilirudia kwa kunong'ona, mara nyingi, wakicheka, na siku hiyo kwa mara ya kwanza tukatoka wote pamoja kwenda kunywa chai. Mpiga besi aliniambia sura yangu na jina hilo vinafanana. Nilivaa shati jipya Jumapili, la kipimo changu.

Mahali pale palipofika nilinyamazisha nyuzi. Rapa aliliita vizuri, kwa moyo wote. Jina langu lilitoka kwenye spika likaenda hadi mwisho wa ukumbi, peke yake, kama nilivyokuwa nimeota. Na ukumbi ukajibu kwa jina la zamani. Hawakuwa na nia mbaya, ni midomo iliyozoea. Wengine walishtukia katikati wakanyamaza, kwa hiyo lilitoka limekatikakatika. Kisha wakasubiri gitaa lirudi ili wacheze. Nililirudisha kwa wakati.

Baada ya onyesho rapa alikuja kunisaidia na vyombo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akasema watu wagumu, lakini kazi ni kazi, na sebene imepoa pale, kila mtu ameona. Aliongea akitazama chini.

"Twende nalo, au turudishe la mzee? Sema wewe."

Nilimwambia twende nalo.

"Na Jumapili wakijibu tena lile?"

"Waache wajibu. Wewe ita langu."

Akaitikia kwa kichwa. Akashika upande mmoja wa waya mrefu wa jukwaani, nikashika wa pili, tukaanza kuukunja tukisogeleana.